Barua kutoka Ufaransa: Katiba Hubadilika, Saa ya Kula Haiguswi

Ufaransa imeanzisha jamhuri mara tano tangu mwaka 1792. Katikati ya jamhuri hizo walipita makaizari wawili wa ukoo wa Bonaparte, wafalme watatu waliothubutu kukalia kiti ambacho mwenzao alikiacha pamoja na kichwa chake, na serikali ya Vichy iliyowainamia Wajerumani kuanzia 1940. Katiba ya sasa ni ya 1958. Ilishonwa kwa kipimo cha Jenerali Charles de Gaulle, ambaye alikuwa pande la mtu, na wapo wanasiasa wanaodai kwamba vazi hilo limewapwaya wote waliomfuata, kwa hiyo ishonwe jamhuri ya sita.

Serikali basi huja na kuondoka. Chakula cha mchana ni habari nyingine. Katika miji midogo, ikikaribia saa sita na nusu, maduka mengi hushusha vizuizi vya madirisha, karani wa benki hutafuta koti lake, na mwenye shida hurudi nayo saa nane. Walio nyumbani huiona nchi hii kwenye televisheni ikiwaka moto wa maandamano, lakini hakuna anayewaambia kwamba maandamano mengi huitishwa saa nane mchana, watu wakishakunywa kahawa.

Kisa maarufu kuliko vyote katika historia ya nchi hii ni kile cha tarehe 14 Julai 1789, Waparisi walipolivamia gereza la Bastille wakitafuta baruti. Ndani walikuta wafungwa saba. Kwa ngome iliyotisha kiasi kile hayo yalikuwa mavuno haba, lakini jina lilikuwa kubwa, na mkandarasi aliyeitwa Palloy alilibomoa gereza na kuchonga vijigereza vidogo kutokana na mawe yake, akavisambaza nchi nzima. Biashara ya vikumbusho vya watalii Paris ni ya zamani kuliko Mnara wa Eiffel. Mfalme Louis wa 16 alikatwa kichwa tarehe 21 Januari 1793, kisha wanamapinduzi wakageukia adui mwingine, ambaye ni kalenda.

Waliamua kwamba kila kitu kihesabiwe kwa makumi. Wiki ikawa na siku kumi, na siku ikawa na saa kumi, kila saa dakika mia. Saa sita ya mchana, ambayo kwa Mswahili iko wazi kama jua la utosini, ikawa saa tano. Wafanyakazi nao walipiga hesabu haraka, wakagundua kwamba siku ya mapumziko iliyokuwa ikija kila baada ya siku sita sasa inakuja baada ya siku tisa. Mageuzi ya namna hiyo hayahitaji maadui. Saa za makumi zilisitishwa Aprili 1795, na kalenda yenyewe Napoleon aliizika ilipofika Januari 1806. Kilichosalia ni kile kilichowekwa na sheria iyo hiyo ya Aprili 1795, yaani mita na gramu, ambazo zimeenea hadi kwa muuza sukari wa Kariakoo, naye hana habari kwamba anapima kwa mizani ya mapinduzi.

Kwa eneo, Ufaransa ya Ulaya ni ndogo kidogo kuliko Kenya. Kwa kelele ni kubwa zaidi.

Kabla ya mapinduzi hayo yote, Louis wa 14 alikuwa amehamishia makao yake Versailles mwaka 1682, ili wakuu wa nchi wakae karibu naye, wagombanie nafasi ya kumshikia shati asubuhi, na wakose muda wa kupanga uasi. Jumba lake lina Ukumbi wa Vioo wenye vioo 357, na watalii hupita humo wakijitazama wenyewe. Mtanganyika, Mnyarwanda na Mrundi wana haki ya kuutazama ukumbi huo kwa jicho lingine. Ndimo ulimotiwa saini, tarehe 28 Juni 1919, mkataba ulioipokonya Ujerumani koloni lake la Afrika Mashariki. Tanganyika iliangukia kwa Waingereza, Rwanda na Burundi kwa Wabelgiji. Wenye nchi hawakuitwa, licha ya vioo vyote hivyo kuwa na nafasi ya kutosha kuonyesha sura zao.

Mnara wa Eiffel ulijengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya 1889, nao ulipewa kibali cha kusimama miaka 20 tu. Waandishi na wasanii, Guy de Maupassant akiwa mmoja wao, walichapisha barua ya kuupinga hata kabla haujamalizika. Mnara uliponea chupuchupu kwa sababu Gustave Eiffel aliupa kazi ya kubeba mitambo ya mawasiliano ya redio, na jeshi likaona unafaa. Leo una mita 330, na kila baada ya miaka michache hupakwa rangi upya kwa mikono. Wazawa wa Paris hujisifu kwamba hawajawahi kuupanda. Kufanya hivyo ni utalii, na mtalii ni mtu mwingine daima.

Louvre lilikuwa jumba la wafalme kabla ya kuwa makumbusho mwaka 1793. Watu hufurika humo kuiona Mona Lisa, picha yenye kimo cha sentimita 77, ambayo umaarufu wake uliongezeka sana ilipoibwa mwaka 1911 na Mwitaliano Vincenzo Peruggia, aliyekuwa amefanya kazi humo humo. Ilipatikana Florence baada ya miaka miwili. Siku hizi ipo nyuma ya kioo, na mbele yake pana umati wa simu zilizoinuliwa juu. Kanisa la Notre-Dame, lililoanza kujengwa karne ya 12, liliungua paa tarehe 15 Aprili 2019. Rais Emmanuel Macron aliahidi kulirudisha ndani ya miaka mitano, na watu wakacheka, kwa kuwa wanazijua ahadi za mafundi wao. Lilifunguliwa Desemba 2024. Wafaransa bado hawajapona mshtuko wa kazi kuisha karibu na tarehe iliyotajwa.

Maisha ya kila siku huanza kwa bonjour. Mtu wa Pwani angetarajiwa kulielewa hili haraka, kwa vile naye hakuzoea kuingia mahali kimya, lakini utaratibu wake una mitego. Anayeingia dukani na kuuliza bei bila kutoa salamu hujibiwa kwa salamu yenyewe, bonjour moja ya taratibu, baridi, iliyokunjwa uso, na bei haitoki mpaka aijibu. Anayeingia chumba cha kungojea cha daktari huwasalimu wagonjwa wote asiowajua, kisha hafungui tena mdomo, kwani hapo mazungumzo yameisha. Habari za watoto, za kazi na za usiku haziulizwi. Tena salamu ni moja kwa siku. Anayemsalimu mwenzake wa ofisini asubuhi, akakutana naye tena ukumbini saa nne na kumwambia bonjour upya, anakuwa amemtangazia kwamba alishamsahau. Kwa marafiki kuna kugusanisha mashavu, na idadi inategemea mkoa. Paris ni mara mbili, sehemu za kusini mara tatu, kwingine hata nne. Hakuna kibao barabarani kinachoonyesha mpaka ulipo, hivyo pua hugongana.

Baada ya salamu ni mkate. Serikali ya Ufaransa, ambayo haikubaliani na raia wake kuhusu kodi, pensheni wala bei ya dizeli, inakubaliana nao kuhusu unga. Amri ya Septemba 1993 inasema mkate wa jadi usigandishwe katika barafu hatua yoyote, wala usitiwe viungio vya kiwandani, na mkate unaoitwa wa nyumbani ukandwe na kuokwa hapo hapo unapouzwa. Sheria ya 1998 ikaongeza kwamba asiyekanda mwenyewe asithubutu kutundika kibao cha boulangerie, yaani duka la mwokaji. Mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ustadi wa kuoka baguette katika orodha yake ya urathi wa utamaduni usioshikika. Hayo yote ni kwa ajili ya mkate wa takriban euro moja. Foleni ya jioni huonyesha mambo yalivyo. Kila mteja hutaja anavyotaka wake, uliobabuka au mweupe kidogo, na mwuzaji huchagua kwa jicho la mnunuzi wa vito. Mkate hutoka umefungwa kikaratasi katikati tu, huku ncha mbili zikiwa uchi, ukatiwa kwapani. Kabla mlango haujajifunga, ncha moja imeshavunjwa na kutafunwa. Ni nadra baguette kufika nyumbani ikiwa nzima, na hakuna anayeulizwa.

Kuhusu mlo wa mchana, kanuni za kazi zinamkataza mwajiri kuwaruhusu wafanyakazi kula mezani pa kazi. Ilibidi janga la korona lije ndipo serikali, Februari 2021, iruhusu kwa muda mtu amege andazi lake mbele ya kompyuta, na ruhusa hiyo ilitangazwa kwa huzuni kama ya msiba.

Chakula cha jioni nyumbani kwa watu kina uzito zaidi. Kwetu husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone; kwao mgeni anakuja akiwa ameandikwa kwenye kalenda wiki mbili kabla, na kupiga hodi bila miadi kunaleta hofu kwamba kuna aliyefariki. Aliyealikwa saa mbili hufika saa mbili na robo. Anayefika kwa dakika humkuta mwenyeji na aproni, na anayechelewa saa nzima, kwa kuamini kwamba karamu ni karamu, hukuta nyuso zilizopoa pamoja na mchuzi. Kwanza hutolewa vinywaji na karanga, na mgeni mpya hushibia hapo kwa kudhani ndicho chakula chenyewe. Kisha huja cha kufungulia, halafu sahani kubwa, halafu jibini, halafu kitamu, halafu kahawa, na ubishi wa siasa umetapakaa kote. Asiyekula nguruwe aseme mapema, maana mnyama huyo ana tabia ya kujificha hata ndani ya saladi ya majani, amekatwa vipande vidogo visivyojitambulisha. Asiyekunywa mvinyo hupewa maji na maswali. Mkate hauna sahani, hukaa juu ya kitambaa cha meza.

Ubao wa jibini ndio mtihani. Hupita mara moja. Jibini la duara hukatwa kutoka katikati kwenda pembeni, kila mmoja apate sehemu yake ya ganda na sehemu yake ya moyo. Likiwa kipande chenye ncha, kama Brie, ncha ile haikatwi, kwani ndiyo yenye utamu wote. Anayeikata hasemwi kitu. Chumba hunyamaza, mwenye nyumba hutabasamu, na mwaliko wa pili hauji.

Upande wa makaratasi, ushahidi mkuu wa kuwapo kwa binadamu Ufaransa ni bili ya umeme isiyozidi miezi mitatu. Pasi ya kusafiria huthibitisha jina, lakini bili huthibitisha uhai. Ili kupata nyumba, mwenye nyumba hutaka akaunti ya benki. Ili kufungua akaunti, benki hutaka anwani. Anayeishi kwa ndugu yake hupeleka barua ya ndugu huyo, kitambulisho cha ndugu huyo na bili ya ndugu huyo, kisha huambiwa nakala haisomeki.

Haki ya kugoma imo katika utangulizi wa katiba ya 1946, ambao bado una nguvu ya kisheria, na inatumika sawasawa. Mwaka 2023, umri wa kustaafu ulipopandishwa kutoka miaka 62 kuelekea 64, mitaa ilijaa kwa miezi. Mgeni hudhani mgomo ni vurugu. Tangu sheria ya 2007, mfanyakazi wa treni hutangaza saa 48 kabla kwamba atagoma, na shirika huchapisha ratiba ya treni zitakazokuwapo, hivyo mgomo wa Ufaransa hufika kwa wakati kuliko treni nyingi za nchi nyingine. Kwenye maandamano kuna maputo makubwa ya vyama vya wafanyakazi, vipaza sauti, na moshi mzito ambao si wa mabomu ya machozi kila mara. Mara nyingi ni soseji za merguez zinazochomwa na kutiwa ndani ya mkate, zikiuzwa kwa pande zote za mgogoro.

Serikali haina dini tangu sheria ya 1905, lakini katika sikukuu 11 za mwaka zimo za Kikatoliki kadhaa, na mpinga dini mkali kuliko wote ataitetea Alhamisi ya Kupaa kwa damu yake, kwa sababu Ijumaa inayofuata huungwa na wikendi. Likizo ya kulipwa ilianza 1936 kwa wiki mbili, na tangu 1982 ni wiki tano. Nyingi huangukia Agosti. Mwezi huo Paris huachiwa watalii na njiwa. Waokaji mikate peke yao walizuiwa kuondoka wote kwa pamoja, wakipangiwa zamu na mamlaka hadi 2015, kwa kumbukumbu ya yale yanayoweza kutokea Waparisi wakikosa mkate.

Mswahili anayeishiwa na hamu ya Kifaransa hupanda treni hadi Marseille, ambako wanaishi makumi ya maelfu ya Wangazija na ndugu zao wa visiwa vingine vya Komoro. Sokoni atasikia lugha ambayo nusu yake anaielewa na nusu nyingine anaikisia. Wala si lazima afike Ulaya. Kisiwa cha Mayotte, ambacho Komoro inakidai hadi leo, ni mkoa kamili wa Ufaransa tangu Machi 2011. Saa zake ni zile zile za Dar es Salaam, watu wake wengi ni Waislamu, Kimaore chao ni jamaa wa karibu wa Kiswahili, na pesa yao ni euro. Ofisini kuna bendera ya rangi tatu, picha ya rais ukutani, na dirisha ambalo mtu huulizwa, kwa adabu na baada ya bonjour, kama amekuja na bili ya umeme.