Namna ya Kuhifadhi Video za Watu Mawinguni Bila Kuzianika

Kwanza, ondoa mkono kwenye kipanya. Najua ukurasa wa Amazon una kitufe cha rangi ya machungwa kinachokuita kwa bashasha, na ukikibofya, baketi yako ya S3 itakuwa tayari kabla chai haijapoa. Lakini ikipita miezi kadhaa hakuna atakayekumbuka ulibofya nini. Kijana aliyebofya atakuwa amehamia Arusha, simu yake haipatikani, na studio imebaki na rundo la harusi, mawaidha na taarab bila mtu wa kusema mlango upi umefungwa na upi umeegeshwa tu. Kwa hiyo mwongozo huu una sharti moja: kila kitu kinaandikwa. Jina la baketi, nani anaingia, nani anatazama, faili ipi inafutwa lini, yote yakae kwenye msimbo ambao mtu mwingine anaweza kuusoma, akauhoji, akaurudia.

Chombo cha kuandikia ni Terraform, iliyotoka mwaka 2014. Agosti 2023 wenyewe, HashiCorp, walibadilisha leseni yake, na mwezi uliofuata OpenTofu ikaanza safari yake chini ya Linux Foundation ikiwa huria. Kwa kazi yetu chukua yoyote kati ya hizo, amri zinafanana. Ila usinakili mfano wa kale uliouokota mtandaoni. Hadi mwanzoni mwa 2022 mipangilio yote ya baketi ilikuwa ikirundikwa ndani ya fungu moja la msimbo. Toleo la 4 la kiunganishi cha AWS likaitenganisha: baketi kivyake, matoleo ya faili kivyake, usimbaji kivyake, kanuni za kufuta kivyake. Mfano wa zamani utakulalamikia mpaka usiku wa manane, na haki itakuwa upande wake.

Sasa jina. Liwe na herufi 3 hadi 63, ndogo zote, namba na vistari vinaruhusiwa. Nukta nazo zinaruhusiwa lakini ziache, huvuruga vyeti vya usalama vya HTTPS. Jina hilo ni lako peke yako duniani: ukitaka "harusi-zetu" na mtu wa Brazil ameshalichukua, umechelewa. Usijaribu kuwa mfupi na mtamu. Mwaka 2024 mhandisi mmoja alifungua baketi ya faragha, tupu kabisa, na kumbe jina lake lilikuwa lile lile lililowekwa kama mfano ndani ya programu huria ya kuhifadhi nakala. Kompyuta za watu wasiomjua zikaanza kubisha hodi, maombi karibu milioni 100 ndani ya siku moja, na bili ikavuka dola 1,300 za Marekani. Kila ombi lilikataliwa, na kila kukataa kulilipiwa. Mwezi Mei mwaka huo Amazon ikaondoa malipo hayo kwa maombi yanayokataliwa kutoka nje ya akaunti yako. Somo la jina halijaondoka: mwishoni mwa jina weka herufi na namba za kubahatisha, Terraform itakuzalishia yenyewe.

Mahali pa kuweka baketi pia huandikwa, na hapa fikiri kama mtu wa pwani anayejua nyaya za intaneti zinapita wapi. Kituo cha AWS kilichopo Afrika ni Cape Town, kilichofunguliwa Aprili 2020, nacho lazima ukiwashe kwanza kwenye akaunti yako, la sivyo msimbo utagoma. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania na majirani zake ikawa ya kusuasua. Mtazamaji wa Mwanza hapaswi kuvuka bahari kila anapotaka kumwona shangazi yake akicheza. Weka CloudFront mbele ya baketi ili nakala za video zikae kwenye vituo vilivyo karibu zaidi na watazamaji, na hapo hapo utapumua kidogo kwenye bili, kwa sababu data inayotoka S3 kwenda CloudFront hailipiwi. Halafu soma sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na ile ya Kenya ni ya 2019. Zote mbili zina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na sura ya mtu kwenye video ni taarifa yake.

Hapa ndipo nataka utulie kuliko popote. Fikiria ulichohifadhi. Sherehe ya wanawake Unguja, mabaibui yamevuliwa, mabibi wanacheza bila wasiwasi kwa sababu wameambiwa kamera ni ya mwenzao na video ni ya nyumbani. Amana hiyo sasa iko mikononi mwa mistari yako michache. Hakuna hasira ya bili inayoweza kulingana na hasira ya familia ambayo binti yao amesambaa kwenye makundi ya WhatsApp.

Tangu Aprili 2023 kila baketi mpya huzaliwa ikiwa imezuiliwa kuonekana na umma. Andika kizuizi hicho hata hivyo. Kina swichi nne, zote ziwe "true", na zikae kwenye msimbo ili atakayezima moja aonekane amezima, siku gani na kwa sababu gani. Kisha andika sera ya baketi. Ruhusa ya kusoma ipewe CloudFront yako peke yake, si kinyota kinachomaanisha dunia nzima. Kinyota hicho kwenye sehemu ya mwenye ruhusa ni cha kuogopwa kama nyoka aliyelala kitandani. Na ukiona juu ya sera pameandikwa "2012-10-17", usijifanye mtu wa kisasa ukaweka tarehe ya leo. Hilo ni toleo la lugha ya sera, ukilibadilisha kiholela AWS itakukatalia sera nzima.

Bi harusi akitaka kutazama, mpe kiungo kilichotiwa saini. Kiungo cha namna hiyo kutoka S3 hudumu si zaidi ya siku 7, kisha kinakufa. Akikisambaza kwa shoga zake wiki ya pili, hakitafungua kitu. Ukihitaji muda mrefu zaidi, saini ya CloudFront inakuruhusu.

Kama video inachezwa ndani ya tovuti yako, kivinjari kitadai kanuni za CORS. Taja anwani ya tovuti yako kwa jina kamili, ruhusu GET na HEAD, basi. Wengi huweka kinyota hapa pia ili kelele ziishe, wengine wakaamini kuwa CORS ni kufuli. CORS inaongea na vivinjari tu. Mtu mwenye programu ya kupakua faili haiulizi chochote.

Twende kwenye kufuta, eneo ambalo studio nyingi huona aibu kuligusa. Video ya saa moja ukiikata kwa mtindo wa HLS, vipande vya sekunde 6, unapata vipande 600. Ukitengeneza ubora wa aina 4, ni 2,400. Vipande hivyo havistahili kutunzwa milele, maana vinaweza kutengenezwa upya wakati wowote. Kinachostahili heshima ni faili mama, ile iliyotoka kwa mhariri. Andika kanuni mbili tofauti: folda ya vipande ifutwe baada ya miezi mtakayokubaliana na mteja, na folda ya faili mama ishushwe kwenye Glacier Deep Archive, ambako bei ya kuhifadhi ni ndogo kuliko madaraja mengine yote ya S3. Ukishusha, fahamu mambo mawili. Utalipia angalau siku 180 hata ukifuta kesho yake. Na kuipandisha faili huchukua hadi saa 12, au hadi 48 ukichagua njia ya bei nafuu. Kwa hiyo mama mkwe akipiga simu asubuhi anataka video ya 2021, mwambie kesho, kwa adabu.

Kuna kanuni ya tatu, fupi, nayo imeokoa pesa nyingi. S3 haipokei faili inayozidi GB 5 kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo programu yako huikata vipande na kuvipeleka kimoja kimoja. Umeme ukikatika Kariakoo katikati ya kupakia GB 40, vipande vilivyofika vinabaki. Huvioni kwenye orodha ya kawaida ya faili, ila vinalipiwa kila mwezi. Andika kwamba upakiaji usiokamilika ufutwe baada ya siku 7. Na kama umewasha utunzaji wa matoleo, jambo ninalokusihi ufanye, weka pia muda wa kufuta matoleo ya zamani. Faili "uliyoifuta" bado iko pale, imefunikwa alama tu.

Terraform yenyewe hutunza faili ya hali, orodha ya kila ilichokijenga. Ina siri, na siri hizo zimeandikwa wazi. Usiipeleke Git, usimtumie mwenzako kwa barua pepe. Ifungulie baketi yake ya pekee, yenye matoleo na kufuli, ili watu wawili wasijenge kwa wakati mmoja.

Kabla ya kutekeleza lolote, endesha `terraform plan` na usome jibu lote, mstari kwa mstari, kwa sauti kama wenzako watakuvumilia. Alama ya kujumlisha inaongeza, kiwimbi kinabadilisha, kutoa kunafuta. Ukiona kutoa na kujumlisha pamoja, simama. Maana yake kitu kinabomolewa na kujengwa upya, na ndivyo inavyokuwa ukibadilisha jina la baketi. Terraform haiwezi kufuta baketi yenye vitu mpaka uweke `force_destroy`, hivyo usiiweke. Ongeza `prevent_destroy`, huku ukijua udhaifu wake: mtu akifuta fungu zima la msimbo, ulinzi uliomo ndani nao umekwenda.

Ukijiuliza kwa nini kazi yote hii, tazama MediaStore. Amazon iliizindua mwaka 2017 mahususi kwa video za moja kwa moja, watu wakapanga kontena zao humo, kisha ikaifunga tarehe 13 Novemba 2025. Mwenye msimbo alikuwa na orodha kamili ya anachohamisha: sera, CORS, muda wa kufuta. Aliyebofya alilazimika kufungua kontena moja baada ya jingine, akisoma na kunakili kwa mkono.

Ukimaliza, toka kwenye akaunti yako. Azima simu ya mtu asiyehusika, fungua dirisha la faragha, weka anwani ya video moja kwa moja kwenye baketi. Lazima ujibiwe AccessDenied. Jaribu faili tatu, za folda tofauti. Kisha fungua kiungo chenye saini, hakikisha video inacheza, usubiri muda wake uishe, ujaribu tena kiungo kile kile. Kikikataa, fungua mlango wa kazi Jumatatu.