Yah: Shukrani kwa Kunifundisha Utalii Nikiwa Nimeketi

Barua ya wazi kwa Mkuu wa Idara ya Usimamizi wa Utalii, katika chuo kikuu ambacho jina lake nalihifadhi mpaka nikabidhiwe cheti

Ndugu Mkuu wa Idara,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa tatu. Mitihani nimemaliza, sina sapu wala keri, nasubiri joho. Kabla sijavaa kofia yenye kishada naona ni uungwana nikushukuru hadharani, maana faraghani nimejaribu na kila nikija katibu muhtasi ananiambia uko kikaoni.

Nianze na niliyonayo kichwani, ili usidhani ada ya mzazi ilipotea bure. Najua kuwa mwaka 1841 Thomas Cook aliwapakia wapinga ulevi kwenye treni kutoka Leicester hadi Loughborough, shilingi moja kila kichwa. Desa letu la Utangulizi wa Utalii linaongeza kuwa kampuni aliyoiacha inazidi kustawi, na mimi mtihani niliujibu hivyo hivyo nikapata maksi zote, ingawa kampuni hiyo ilifilisika Septemba 2019. Najua mchoro wa Butler wa mwaka 1980 unaoonyesha maisha ya kivutio: kinagunduliwa, kinachangamkiwa, kinakua, kinadumaa, kisha ama kinafufuka ama kinakwisha. Naweza kuuchora gizani. Na gizani nimeuchora kweli, umeme ulipokatika katikati ya jaribio na msimamizi akasema tuendelee. Mtalii akipotea Benidorm, Hispania, anitafute. Akipotelea Karatu, Mungu amsaidie.

Na Karatu si mbali. Madirisha ya ukumbi wetu yanatazama barabara ya kwenda mbugani. Asubuhi za msimu wa juu Land Cruiser zilipita zimejaa wageni, sisi tukageuza shingo, mhadhiri akatusihi turudishe macho kwenye slaidi. Kwenye slaidi palikuwa na picha ya Land Cruiser.

Watu wabaya watasema idara haikutupeleka popote. Si kweli. Ziara ya mafunzo imo kwenye mtaala na mchango wake tulilipa. Tulifika lango la Loduare, Ngorongoro, basi zima, tumevaa fulana zenye nembo ya chuo. Hapo ndipo ilipobainika kwamba barua ya idara ya kuomba kuingia ina tarehe ya mwaka wa masomo uliopita, na majina yaliyoambatishwa ni ya kaka na dada zetu waliokwisha hitimu. Tukapiga picha mbele ya bango, tukala maandazi, dereva akageuza basi. Picha hiyo leo iko kwenye kipeperushi cha chuo chini ya maneno “mafunzo kwa vitendo”. Mimi ni wa tatu kutoka kushoto, natabasamu. Kreta yenyewe, yenye kina cha mita 600 hivi, iliendelea kuwepo huko mbele bila sisi. Na kwa kuwa Mtanzania huingia kwa shilingi, tena chache mno ukilinganisha na dola za mgeni, nakosa hata umaskini wa kuusingizia.

Mwaka 2022 ilizinduliwa filamu ya Royal Tour, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe anamtembeza mwandishi wa Kimarekani kwenye vivutio vyetu. Mkuu wa nchi, pamoja na shughuli zake zote, alipata nafasi ya kwenda. Wanafunzi wa shahada ya utalii ratiba haikuruhusu.

Mwaka huo huo, familia za Ngorongoro zilikuwa zinapakia mabati na mbuzi kwenda Msomera, Handeni, na nchi nzima inabishana kama wanahama kwa hiari. Nikasema moyoni, sasa somo la Utalii na Jamii limepata uhai: hifadhi iliyoanzishwa 1959 kwa ahadi kwamba mtu, ng'ombe na wanyamapori wataishi pamoja, leo inawahamisha watu. Mtihani ulipokuja, swali la kwanza lilituomba tujadili athari za utalii kwa jamii za Bali. Nilijadili. Nilijaza kurasa. Sijui Bali inafananaje, lakini naihurumia sana.

Katika masomo yote nililolipenda zaidi ni nadharia ya MacCannell, ya mwaka 1973, kwamba mtalii huandaliwa uhalisia wa jukwaani huku maisha ya kweli yakifichwa nyuma ya pazia. Nadharia hii idara ilitufundisha kwa vitendo, na hapa pongezi zangu hazina kejeli. Tuna chumba cha mfano cha hoteli. Kina kitanda, taa ya pembeni, na godoro ambalo bado limevaa nailoni yake ya dukani. Ufunguo unao wewe. Siku wakaguzi wa ithibati walipokuja, nailoni ilivuliwa, shuka zikatandikwa, wenzetu wawili wakavalishwa sare za mapokezi, na mmoja akaambiwa awe mgeni kutoka Ubelgiji. Wakaguzi walipoondoka nailoni ikarudishwa. Hata vijiji vya maonyesho vinavyochezea watalii ngoma saa kumi kamili havijafikia kiwango hicho.

Kuna na Doxey, aliyesema mwaka 1975 kwamba wenyeji wakikaa na watalii hupanda ngazi nne: furaha, kutojali, kero, kisha uhasama. Ngazi ya furaha niliipanda siku bumu la kwanza lilipoingia. Nyingine nakuachia uzikadirie.

Fildi ndiyo iliyonipa akili, ingawa ratiba ilijitahidi isiwe hivyo. Chuo hutuachia kuanzia Julai hadi Septemba. Huo ndio msimu wa juu wenyewe: nyumbu wanavuka mto Mara, kambi zimejaa hadi hema la mwisho, meneja halali, mpishi anagombana na sufuria. Ni katika wiki hizo, si nyingine, ndipo sisi tunapowasili na vitabu vya kujaziwa saini tukiomba kuelekezwa kazi. Masika yakifika, Aprili na Mei, kambi nyingine hufungwa, wafanyakazi wanaobaki wanapaka viti rangi na kupiga soga, wana muda wa kumfundisha hata mtoto wa chekechea. Sisi wakati huo tuko darasani tunafafanuliwa maana ya msimu.

Kwenye kambi niliyopangiwa, meneja aliyetoka ng'ambo aliniuliza ninaweza kufanya nini. Nikamjibu kwamba naweza kuchambua mnyororo wa thamani wa utalii. Akanitazama kwa huruma, akanipa taulo nikunje tembo. Aliyenifundisha kumkunja ni dada wa vyumbani aliyeishia kidato cha nne. Ni yeye pia aliyenijuza kwamba mgeni akiacha karatasi ya shukrani mezani, uipige picha kabla haijapotelea ofisini, maana utaihitaji siku ya kujadili mshahara. Hilo katika Usimamizi wa Rasilimali Watu halimo. Nimepitia desa lote.

Siku moja kiti cha nyuma kilibaki wazi, na dereva mmoja mtu mzima akanichukua. Alizungumza Kijerumani na wageni wake kwa utulivu wa mtu anayezungumza na majirani. Redioni aliwasiliana na wenzake kwa mafumbo, simba wakimwita sharubu, ili mgeni aliyekwisha kujifunza neno simba asianze kusimama juu ya kiti kabla mnyama hajathibitishwa. Aliziba pancha huku akinieleza kwa nini nyumbu huzalia upande wa Ndutu mwanzoni mwa mwaka: udongo wa majivu ya volkano, nyasi fupi zenye madini yanayomfaa mama anayenyonyesha, na uwazi unaomnyima chui pa kujificha. Nikamuuliza alisomea wapi. “Humu humu, mwanangu,” akasema, akarudisha jeki mahali pake. Kwa vigezo vyetu mzee huyu hawezi kuajiriwa kufundisha, kwa sababu hana shahada ya uzamili. Mhadhiri wetu wa Wanyamapori na Utalii anayo, na mimi humheshimu, ila nyumbu amewaona kwenye slaidi zile zile tulizowaona sisi.

Lugha tusiiguse sana, inauma. Tulikuwa na Kifaransa kama somo la hiari. Mwalimu wake alikuwa hodari kiasi kwamba katikati ya muhula alipata kundi la wageni kutoka Lyon, akaenda nao, hakurudi. Nafasi yake ikajazwa na Mawasiliano ya Biashara II. Ujasiriamali nao ulitutaka tuandike mpango wa kampuni ya utalii; mpango wangu ulishika nafasi ya kwanza darasani, na hakuna mahali popote ulipotaja leseni ya TALA wala bei ya gari.

Mwaka 2023 nchi ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.8. Kwa hiyo, Mkuu, napendekeza idara iache kuhangaika na mbuga na ijisajili yenyewe kama kivutio. Sifa zote inazo. Kwa mchoro wa Butler tumeshafika kwenye kudumaa, kwa hiyo hatua inayofuata ni rahisi kuitabiri. Madesa yetu yana umri wa kutosha kuombewa urithi wa dunia, kama ulivyoombewa na kupewa Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000. Chumba cha mfano kitafunguliwa kwa wageni wenye dola. Wanafunzi tutaingia kwa shilingi, tukibahatika barua yetu kuwa na tarehe sahihi.

Ikiwa hilo ni gumu, basi sogeza fildi iangukie masika, mlete yule dereva saa mbili kwa wiki umlipe kama mtaalamu mgeni, na utoe nakala ya ufunguo wa kile chumba. Sioni lolote kati ya hayo linalohitaji kikao, lakini nafahamu kikao kitaitishwa.

Nikisubiri mahafali, nimejishikiza mlimani. Nabeba mizigo pamoja na wagumu, kilo 20 zikipimwa getini asubuhi, na jioni kambini tunapiga hesabu: mgeni amelipa kiasi gani, kampuni imebaki na kiasi gani, sisi tunasubiri bahshishi ya kiasi gani. Wapo humu wenye shahada ya uhasibu, hivyo hesabu zinaenda vizuri. Ule mnyororo wa thamani hatimaye nimeuona wote, kuanzia juu hadi mahali niliposimama.

Wako mtiifu,

Mhitimu mtarajiwa,
Kambi ya Shira, njia ya Machame, Kilimanjaro

N.B. Mwalimu wa Kifaransa yuko nasi, ndiye kiongozi wa msafara. Anakusalimu sana, na anauliza malipo yake ya muhula ule akayafuatilie dirisha gani.