Redio ya Marehemu na Pedali ya Shemeji

Redio ya baba mkwe haikuwa ikiongea tena, lakini ilikaa juu ya kabati la sebule yetu hapa Ngara, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Kwa redio hiyo marehemu alifuatilia vita vya Kagera mwaka 1978, taarifa baada ya taarifa kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam. Mama mkwe hakuruhusu isogezwe hata tulipopaka rangi.

Shemeji, mdogo wa mume wangu, hupiga gitaa la solo kwenye kwaya. Aliagiza vipande vya pedali ya fazi, ile inayoifanya sauti ya gitaa ikwaruze na kunguruma, vikaja kwa basi kupitia Nyakanazi: bodi, rizista, kapasita na transista mbili za silikoni. Alikuwa hajawahi kushika pasi ya kulehemu, lakini alifuata karatasi ya maelekezo na pedali ikalia. Angeishia hapo tungelala.

Tatizo ni kwamba alikuwa amesoma habari za pedali za Fuzz Face za kwanza, zilizotengenezwa London mwaka 1966, ambazo Jimi Hendrix alizipa jina duniani. Zile zilikuwa na transista za jerimani (germanium), si za silikoni. Sauti yake ni laini zaidi, na ukipunguza volyumu kwenye gitaa lenyewe mkwaruzo unatulia, nyuzi zinasikika safi. Transista za aina hiyo huzipati dukani siku hizi. Redio za miaka ya sitini zilikuwa nazo.

Mama aliporudi kutoka shambani alikuta redio iko wazi juu ya meza ya chakula.

“Mwanangu, umemfungua baba yako?”

Hakupandisha sauti. Shemeji akapiga magoti. Mume wangu akaita kikao, maharage yakapoa jikoni, na usiku ule kila mmoja wetu alisema lake. Hatimaye Mama akatoa hukumu: kila kinachotolewa kitiwe kwenye bahasha, kasha lirudi mahali pake, na kazi yote ifanyike yeye akiwa ameketi hapo hapo.

Akaketi kweli. Shemeji akatoa transista, akaziweka kwenye pedali, na pedali ikawa bubu. Chanzo tulikipata kwa kusoma: zile za silikoni zilikuwa NPN, hizi za redio ni PNP, umeme hupita kinyume. Betri ya volti 9 ilibidi igeuzwe, na kapasita zenye chanya na hasi zigeuzwe pia. Hapa nawalaumu wanaouza vifurushi hivi kwa wanaoanza. Wanakuambia badilisha transista upate sauti nyingine, hawakuambii kwamba umebadilisha njia nzima.

Jerimani pia haivumilii moto. Mama ndiye aliyeshika mguu wa transista kwa kibanio changu cha nyusi ili joto la pasi liishie kwenye chuma, mkono wake umetulia kuliko wa kijana. Moja iliungua hata hivyo. Akaitia kwenye bahasha bila neno, na sote tukanyamaza naye.

Nyingine mbili zikalia. Kulikuwa na mvumo mkubwa, kwa sababu saketi ilikaa ndani ya boksi la plastiki. Tukaihamishia kwenye kopo la bati la kahawa, bati likaunganishwa na waya wa ethi, mvumo ukapungua sana. Lo, sauti ile! Nilitoka jikoni mikono ikiwa na unga.

Jumapili mchana, chini ya mabati ya kanisa, pedali ilisongwa, ikawa inakohoa badala ya kuimba. Jioni, baridi ya Ngara iliposhuka, ikarudi yenyewe. Jerimani ikipata joto huvujisha umeme, na vipimo vyote huhama. Shemeji alitoa rizista ya kilo-omu 8.2 akaweka ya kuzungusha, ili kila mara airudishe transista ya pili kwenye volti 4.5, nusu ya betri. Sasa kabla ya ibada anapima na mita, Mama akimsomea namba.

Wiki hii amekwenda Biharamulo, kwa fundi mwenye redio mbovu za zamani. Nauli ametoa Mama, na amemwagiza aulize kwanza kila redio ilikuwa ya nani kabla ya kutoa bisibisi mfukoni.