Mistari Minne ya 日

Miongoni mwa kanji 80, yaani herufi zenye asili ya Uchina zinazobeba maana pamoja na sauti, ambazo mtoto wa Kijapani hufundishwa katika darasa la kwanza, ni vigumu kupata iliyo nyenyekevu kwa umbo na korofi kwa tabia kama 日. Huandikwa kwa mistari minne, ingawa jicho huhesabu mitano, kwa kuwa kona ya juu kulia huchorwa bila kuinua kalamu. Maana zake ni jua na siku, na mgeni huimudu kabla chai haijapoa, asijue kwamba kuiandika si kuisoma.

Tarehe 3 Novemba 2024, kwa mfano, Siku ya Utamaduni iliangukia Jumapili, na aliyetaka kusoma habari hiyo kwa sauti alilazimika kuitamka herufi hiyohiyo "ka" katika tarehe (mikka), "nichi" mwanzoni mwa Jumapili na "bi" mwishoni mwake (nichiyōbi), "jitsu" katika sikukuu (shukujitsu), kisha "hi" katika jina la siku yenyewe (Bunka no Hi), pasipo alama yoyote ya kumwonya. Msomaji aliyelelewa na Kiswahili, ambacho silabi zake hazina vigeugeu, ana haki ya kudai fidia.

Balaa kubwa zaidi huwa kwenye miadi. Tarehe nne ni yokka na tarehe nane ni yōka, tofauti ikiwa ni konsonanti iliyokazwa hapa na irabu iliyovutwa kule, hivi kwamba aliyeitwa kwa simu na daktari wa meno huweza kuchelewa siku nne nzima, akafika na shavu lililovimba, akainamiwa kwa heshima isiyopunguza maumivu hata chembe.

Mlangoni mwa duka nako huning'inia kibao cha 本日休業, honjitsu kyūgyō, yaani "leo tumefunga". Mwanafunzi anayejua kuwa Japani huandikwa 日本, na aliyesikia kwamba kabla ya Vita Kuu vya Pili vya Dunia maandishi ya mlalo aghalabu yalisomwa kutoka kulia, huenda zake akiamini kuwa nchi nzima imepumzika.

Wenye kukata tamaa mapema huitwa mikka bōzu, "mtawa wa siku tatu", jina ambalo nalo huandikwa kwa 日, ili anayeikimbia herufi hii asiweze hata kulisoma tusi lake.