Kuku Kwanza, Peugeot Baadaye

Mpango wa Baba Wanja ulikuwa na hatua tatu, na aliuandika nyuma ya kalenda ya duka la mbolea: kuuza Vitz, kulipa karo, kununua Vitz nyingine. Hatua mbili za kwanza zilikwenda barabara. Wanja aliingia chuo kikuu na kundi la 2023, la kwanza chini ya mfumo mpya wa ufadhili, na karo tuliyoitishwa ilitufanya tuisome barua upya tukidhani ni ya mtoto wa watu. Vitz ikaenda, karo ikalipwa. Hatua ya tatu ndiyo iliyogoma. Mwaka huohuo ushuru wa forodha wa magari ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35, shilingi nayo ikazidi kuteremka, hata kufikia Januari 2024 dola moja ikawa imepita shilingi 160. Kila yadi tuliyoingia mjini Nyeri, tulikuta Vitz kama ile yetu, lakini bei yake hatukuijua wala haikutujua.

Hapo ndipo Baba Wanja alipoanza kwenda matembezi ya jioni, na kila jioni matembezi yakaishia mlangoni mwa ghala la kahawa la marehemu babake.

Mle ghalani, kwetu Othaya, ndimo ilimolala Peugeot 504 ya huyo babake, tuliyemwita Guka. Guka aliinunua wakati wa neema ya kahawa. Mwaka 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil, bei ya dunia ikapaa, na miaka miwili baadaye wakulima wa milima yetu waliozoea kwenda sokoni kwa miguu wakawa wanabishana kuhusu rangi ya gari. Wengi walitaka Peugeot. Ilikuwa imeshinda Safari Rally mwaka 1975, ikashinda tena 1978, na mtu aliyeiona ikitoka kwenye tope la Pasaka hakuhitaji kuhubiriwa zaidi. Zilikuwa zikiunganishwa papa hapa nchini, Mombasa, na ziliendelea kuunganishwa hata baada ya Ufaransa kwenyewe kuacha. Zile za safu tatu za viti ndizo zilizobeba abiria kati ya Nyeri na Nairobi, watu saba na mizigo yao, kwa mwendo ambao wazee hadi leo huusimulia kwa sauti ya chini. Kisha mwaka 1993 serikali ikalegeza uagizaji, magari ya mitumba kutoka Japani yakamiminika, na Peugeot moja baada ya nyingine zikarudi nyuma ya nyumba.

"Mama," Baba Wanja akamwambia mamake, "nataka kulifufua gari la Baba."

Mama hakuinua macho kwenye maharagwe aliyokuwa akichambua. "Muulize kuku."

Kuku mwenyewe alikuwa ameatamia kwenye kiti cha nyuma, kichwa dirishani kama abiria aliyekwisha kulipa. Baba Wanja alieleza kwamba kikapu chenye majani makavu kingemfaa zaidi. Mama akamjibu kwamba kuku aliye juu ya mayai hahamishwi, na kwamba gari lililosubiri tangu Guka aage dunia halitakufa kwa kusubiri vifaranga. Basi tukasubiri. Mume wangu, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, akawa anachungulia ghalani kila asubuhi kuuliza hali ya mayai.

Vifaranga walipotoka, alikuja fundi wa kwanza, kijana mchangamfu mwenye kile kimashine cha kusoma makosa ya injini. Alizunguka chini ya usukani akitafuta pa kukichomeka. Akainuka na vumbi usoni, akauliza kwa adabu kompyuta ya gari iko wapi. Mama akamwambia, "Alizikwa nayo."

Fundi wa pili alikuwa mzee aliyestaafu, akaja na kiti chake mwenyewe. Alinusa tangi, akatikisa kichwa: petroli iliyoachwa humo ilikuwa imegeuka gundi, na panya walikuwa wamekula nyaya kama tambi. Akafungua kabureta, akaiosha kipande kwa kipande kwenye sufuria ambayo mpaka siku hiyo ilikuwa ya uji. Akasugua pointi kwa msasa, kisha akapima nafasi yake kwa kadibodi ya kiberiti, jicho moja limefumbwa. Silinda za breki ziliganda, mipira ya maji ikapasuka kwa kuguswa tu. Spea zilitoka Kirinyaga Road, Nairobi, zikisafirishwa kwa matatu, na tuliijua kila mara bei ya spea kwa urefu wa kimya cha Baba Wanja mezani.

Makaratasi nayo yalikuwa na safari yake, maana logibuku ilikuwa bado kwa jina la marehemu. Wakala wa bima alipotajiwa mwaka wa gari alicheka, akatuuzia bima ya mtu wa tatu na pole. Mimi nilijiuliza kama hata tunaruhusiwa. Sheria inakataza kuingiza nchini gari lililotumika la zaidi ya miaka minane, na hili lilikuwa na miaka arobaini na ushee. Baba Wanja akanitoa wasiwasi: halikuwa likiingia nchini, lilikuwa likitoka ghalani.

Liliwaka siku ya Jumapili, kwa kusukumwa na kwaya nzima iliyokuwa ikitoka kanisani. Moshi wake ulifunika boma, kuku akakimbilia kwenye mikahawa na wanawe, na Mama, ambaye hatukuwahi kumwona akilia hata siku ya mazishi, akafuta macho akasema ni moshi.

Safari ya kwanza ya maana ilikuwa ya ruracio, sherehe ya mahari, ya mpwa wetu, Nanyuki. Sisi ndio tuliokuwa upande wa kijana, na upande wa kijana hauchelewi. Mama alikaa mbele na leso yake mpya. Nyuma tulikuwa mimi, shangazi, na baba mdogo aliyekataa kuvua kofia ingawa ilisugua dari. Kwenye buti kulikuwa na blanketi la mama wa msichana, sukari na kreti za soda. Pale Kiganjo askari alitusimamisha, akaizunguka ile namba ya zamani yenye herufi tatu bila herufi ya mwisho, ya kabla ya 1989, akasahau kuuliza leseni. Babake alikuwa na kama hili. Alitusimulia habari zake zote huku injini ikinguruma, maana Baba Wanja hakuthubutu kuizima.

Baada ya Chaka mlima ulikuwa wazi upande wa kulia, theluji kidogo juu, na baba mdogo akaanza kutuonyesha alikochunga mbuzi. Naro Moru tulipita kwa heshima. Lakini mwendo wa kupanda, mzigo na jua vilikuwa vikifanya kazi yao kimyakimya, na tulipokaribia Nanyuki mshale wa joto ulikuwa umelala kabisa kwenye nyekundu. Peugeot ikapiga chafya, ikatoa mvuke, ikasimama chini ya kibao cha Ikweta.

Pale kuna vijana wenye jagi, beseni lenye tundu na kijiti cha kiberiti, wanaowaonyesha watalii jinsi maji yanavyozunguka kulia upande mmoja wa mstari na kushoto upande wa pili. Wanasayansi watakuambia ni ufundi wa mkono unaomimina, si wa dunia. Sisi hatukuwa na haja ya ubishi huo. Tulitaka maji.

"Mnataka ya kaskazini au ya kusini?" kijana mmoja akauliza.

"Ya baridi," Mama akajibu.

Walitupa yote, na watalii wawili wakapiga picha redieta ikinywa. Bado feni haikuzunguka. Hapo ikasimama matatu, akashuka dereva wa makamo huku abiria wake wakinung'unika. Hakusalimia hata. Aliinama chini ya boneti kama mtu anayemtazama ndugu aliyepotea, akasema feni ya 504 hushikwa na sumaku, na sumaku hii imechoka. Akaomba spana, akakaza skrubu ili feni izunguke wakati wote, akajifuta mikono. Alikuwa ameendesha Peugeot ya abiria ujanani. Pesa alikataa, akaomba tu apige honi mara moja. Akapiga mara nne.

Ruracio tulifika tumechelewa, tukatozwa faini ya mbuzi, na bado wazee wa upande wa pili waliacha mazungumzo wakaja kulitazama gari.

Sasa Baba Wanja ana kalenda mpya na hesabu mpya. Kwa hesabu yake tumeokoa fedha nyingi sana. Hahesabu petroli, ambayo Oktoba 2023 ilifika shilingi 217.36 kwa lita jijini Nairobi na hata iliposhuka haikusahau ilikowahi kufika, na Peugeot huinywa bila haya. Mimi huhesabu vingine. Kwaya tunaidai shukrani, fundi mzee hula kwetu chakula cha mchana hata siku ambazo gari ni zima, kijana wa mashine amekuwa mwanafunzi wake, na popote twendapo tunaegesha palipo na mteremko na watu. Vitz ilihitaji pesa peke yake. Gari hili pesa haitoshi. Linataka mabega ya majirani, na mabega hulipwa kwa mabega.

Wala hatuko peke yetu. Jirani wa bondeni ameitoa Datsun 1200 yake kwenye zizi baada ya kuona sisi tumefaulu, ingawa sijui ni nani aliyemwambia tumefaulu. Jana alipita kutujulisha kwamba iko tayari kujaribiwa Jumamosi, na kwamba kutoka kwake hadi barabarani ni kupanda tupu. Baba mdogo ameombwa aje bila kofia.