Asifiwe Fomu

Kwetu Burundi ng'ombe ana mashairi yake. Mchungaji humsifu kwa pembe, kwa mwendo na kwa ukoo wa mama yake, naye husimama akisikiliza kama mwenye haki. Ngoma zimesifiwa, jembe limesifiwa, pombe ya ndizi imesifiwa hata na watu wasioweza tena kusimama. Lakini karatasi ya kuombea ruzuku ya serikali haijapata msifu. Watu huipokea kwa mikono miwili, wakishatoka nje ya ofisi huisonya. Mimi wa Gashoho, huku Muyinga, nasema imeonewa.

Wengi hapa Muyinga huamini kwamba masharti magumu ni maradhi ya ofisi zetu, yaliyoletwa na wakoloni na kulelewa na sisi wenyewe. Hao hawajakutana na pampu ya joto. Hii ni mashine wanayofunga Ulaya majumbani, na kazi yake ni kama ya friji iliyogeuzwa: huvuta joto lililomo katika hewa ya nje, hata hewa ya baridi kali, ikalisukuma ndani. Kwa kila kipimo kimoja cha umeme inachokula, hutoa kama vipimo vitatu vya joto. Serikali za huko zinataka watu waache kuchoma gesi na mafuta ili kujipasha, na kwa kuwa mashine ni ghali, zinatoa ruzuku. England na Wales mpango wao unaitwa Boiler Upgrade Scheme, ulifunguliwa mwaka 2022, na msimamizi wake ni Ofgem, mdhibiti wa gesi na umeme. Ruzuku ilianza na pauni 5,000, na Oktoba 2023 ikapanda hadi 7,500.

Nani atakataa pauni 7,500? Hapo ndipo fomu inapoonyesha malezi yake mema. Haimwagi fedha ovyo. Inataka uwe mwenye nyumba, basi mpangaji anayetetemeka atafute blanketi. Tangu mwanzo ilitaka cheti halali cha matumizi ya nishati ya nyumba hiyo. Inataka fundi aliyesajiliwa na MCS, chombo kinachothibitisha mafundi wa mitambo hii, maana mjomba mwenye bisibisi hatambuliki. Tena si wewe unayeomba: fundi ndiye anayeomba kwa niaba yako. Huu ni uungwana mkubwa. Jasho la kujaza umepunguziwa, umebakiziwa la kungoja.

Hadi Mei 2024 kulikuwa na sharti tamu zaidi. Kama cheti kilishauri dari au kuta zizibwe zisipitishe joto, uzibe kwanza, kisha ndipo uombe. Kwa mhandisi hiyo ni hesabu sahihi kabisa, sibishani naye. Kwa mzee mwenye dari tupu na pensheni nyembamba ni kitendawili: ili usaidiwe kupasha nyumba, onyesha kwanza kwamba nyumba yako inatunza joto usilokuwa nalo. Sharti likaondolewa, na nakiri nililisikitikia. Lililobaki ni hili: mashine na ufungaji wake kwa kawaida hupita pauni 10,000, na tofauti unaitoa mfukoni. Kwa hiyo fomu, bila kelele na bila kumtukana mtu, humchagua yule ambaye angeweza kusubiri msaada bila kuganda.

Wajuzi wa mambo haya wataniuliza kwa nini sijataja shujaa wa ukoo wote wa fomu hizi. Namtaja. Septemba 2020 serikali ya Uingereza ilianzisha Green Homes Grant kwa pauni bilioni 1.5, ili nyumba 600,000 zizibwe au zipate mitambo safi ya joto. Machi 2021 mpango ulifungwa. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya huko ilipofanya hesabu, ikatarajia nyumba zitakazofikiwa zisizidi 47,500 hivi, na gharama za uendeshaji peke yake zikapita pauni 1,000 kwa kila nyumba iliyofikiwa. Soma tena mstari huo wa mwisho. Kabla paa halijazibwa, karatasi ilikuwa imekwisha kujipasha moto. Wafaransa nao, wasije wakaachwa nyuma, walisimamisha kupokea maombi mapya ya ukarabati mkubwa wa nyumba chini ya ruzuku yao ya MaPrimeRénov' kuanzia Juni hadi Septemba 2025, mafaili yakiwa yamejaa na matapeli wakiwa wamejaa zaidi.

Erasmus wa Rotterdam alichapisha kitabu cha kuusifu upumbavu mwaka 1511. Angeishi kuiona fomu, sidhani kama angebadilisha mada sana.

Sasa, Gashoho tungefaulu? Nimejaribu kuijaza fomu hiyo kichwani, kwa niaba ya majirani zangu. Mtambo unaotumika sasa: mafiga matatu. Umri wa mtambo: ulikuwepo kabla Wajerumani hawajafika. Nishati: kuni za mkaratusi, na mabua ya mahindi mambo yakiwa mabaya. Fundi aliyeufunga: bibi. Usajili wa fundi: alitolewa mahari kamili mbele ya mashahidi. Hali ya kuta: matofali mabichi, yenye matundu ambayo watoto huyatumia kuchungulia wageni. Cheti cha nishati: moshi unaonekana kutoka barabarani.

Penye uthibitisho wa umiliki kalamu ingesita kidogo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2011 iliziruhusu tarafa kutoa vyeti vya ardhi, na wapo waliovichukua. Wengine shamba lao bado linathibitishwa na miti ya mpakani na kumbukumbu za wazee wa kilima, ushahidi ambao hauwezi kupigwa muhuri wala kuingizwa katika bahasha. Ila penye swali la umeme tungesimama kabisa. Karibu Mrundi mmoja tu kati ya kumi ndiye mwenye umeme nyumbani. Pampu ya joto katika nyumba isiyo na umeme ni kabati, tena kabati lisilo na rafu.

Tusijidharau hata hivyo. Kwa nidhamu ya fomu, Gashoho imehitimu zamani. Tazama mbolea. Mkulima anayetaka mbolea ya ruzuku hujiandikisha akiwa na kitambulisho chake, karangamuntu, hulipa malipo ya awali wakati shamba bado kavu, baadaye humalizia salio, na serikali huongeza sehemu yake. Halafu hushika risiti na kungojea mfuko wa Imbura au Totahaza. Kuna misimu mfuko hutangulia mvua, na kuna misimu mvua hutangulia mfuko. Risiti lakini haichelewi hata siku moja. Inatunzwa ndani ya Msahafu au chini ya godoro, na mwenyewe huitoa jioni kuitazama. Mwingereza akiambiwa alipe sasa, apate baadaye, angeandikia gazeti. Sisi tunauliza tu kama nakala mbili zinatosha au zitatakiwa tatu.

Na ni nani anayewalisha wapiga fotokopi wa mjini Muyinga? Nani anayemvisha mpiga picha za pasipoti, mwenye pazia moja la bluu na koti moja ambalo wanaume wa tarafa nzima wamepigwa picha ndani yake? Nani anayempa heshima kijana aliyeshindwa mtihani lakini anajua Kifaransa cha fomu, lugha ambayo sijawahi kumsikia Mfaransa akiisema? Mzee huja kwake na kofia mkononi. "Mwanangu, hapa wameandika nini?" Kijana hukunja uso kama daktari, akajibu, "Baba, hapa wanataka ile karatasi nyingine." Ruzuku isiyo na fomu ingewaua njaa hawa wote kwa wiki moja.

Zipo pia ruzuku zinazokaribia jiko lenyewe. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha msaada wa dola milioni 100 kwa mradi wa Soleil-Nyakiriza, ili umeme wa jua ufike katika shule, vituo vya afya na nyumba za vijijini, na ili watu wapate majiko yanayokula kuni chache. Ni jambo jema, na hapa sitanii. Ila ruzuku ya namna hii hushusha bei, haiifuti. Kinachobaki anakilipa mnunuzi, na mnunuzi maana yake ni mtu mwenye kitu mfukoni siku muuzaji anapopita.

Yule mama anayepuliza mafiga asubuhi za baridi ya mwezi wa saba, macho mekundu, mtoto mgongoni, hana kitu hicho. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Fomu haijamkosea mama huyu. Haijawahi kumkataa. Kuna sanduku la kutia alama kwa mwenye nyumba, kuna sanduku kwa aliyelipa malipo ya awali, na yeye hakutia alama popote, basi katika takwimu za walionyimwa jina lake halimo. Hivyo ndivyo fomu inavyofanya kazi bila kumwaga machozi ya mtu ofisini, na ndiyo maana nimeona nisiiache bila sifa.

Nina maombi mawili tu kwa serikali na wafadhili watakaochapa fomu zijazo. La kwanza, malipo ya awali yaondolewe kwa asiye nacho. La pili, mstari wa jina urefushwe, maana Nshimirimana hatoshi.