Vifaa vya Bwana Mkubwa

Wapo mabwana wa Sumbawanga mjini ambao uvuvi wao huanzia dukani na, mara nyingi, huishia hukohuko. Fimbo ya kukunja, gurudumu la mshipi linalong'aa, visamaki vya plastiki vya kila rangi. Kisha bwana huyoo, anateremka milima ya Lyamba lya Mfipa hadi Ziwa Rukwa, kwenye maji ya tope ambamo kambale hutafuta riziki kwa kunusa na kupapasa kwa sharubu. Sasa rangi zote hizo anaoneshwa nani? Pembeni yake kijana ana ufito, nailoni, chubwi, ndoana moja na nyungunyungu, ndoo imeshajaa. Bwana anadai ni upepo. Mheshimiwa, kabla hujaagiza fimbo ya pili, kanunue nyungunyungu. Kijana anawauza.